Wiki Sita za Dimbwi

Ndugu zangu, kwamba kereng'ende hawa huvuka Bahari ya Hindi kutoka India mmeshalisikia mara nyingi, silirudii. Tuzungumze dimbwi.

Kereng'ende huyu wa manjano, Pantala flavescens, anayetanda juu ya viwanja vya Dodoma mvua za Desemba zikishika, hutafuta maji mapya yasiyo na samaki. Jike hutaga mayai mamia kwa mamia. Yanaanguliwa baada ya siku kama tano, kisha lava, yaani mtoto wake aishiye majini, hukua kwa siku 38 hadi 65 ndipo apande unyasi na kuvua gamba. Maji ya vuguvugu humharakisha.

Sasa shikeni hesabu, maana hapa ndipo tunapoharibu kila masika. Mbu hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 14. Mlaji wake, lava wa kereng'ende, anataka wiki sita au zaidi. Mtu anamwaga dimbwini mabaki ya dawa ya kupulizia nyanya, mbu na kereng'ende wanakufa pamoja, anashangilia. Sumu ikipungua, nani anawahi kurudi? Mbu! Anazaa kizazi cha kwanza, cha pili, cha tatu, na hakuna wa kumla. Dimbwi lililotiwa sumu mara moja limegeuzwa kitalu cha mbu hadi likauke.

Najua mtauliza: basi tuugue malaria tukimsubiri kereng'ende? Hapana, hilo silisemi hata kidogo. Kopo, tairi na ndoo mwageni kila wiki bila huruma, pipa lifunikeni. Huko kereng'ende huyu si wa kutegemewa. Vidimbwi vya njiani fukieni. Lakini mashimo ya matofali na malambo ya ng'ombe yatieni viuadudu vya kibaiolojia, dawa za bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu, vinavyotengenezwa Kibaha. Kiluwiluwi cha mbu akimeza bakteria wale, utumbo wake unaharibika. Lava wa kereng'ende hadhuriki. Na chandarua hakishuki kitandani hata usiku mmoja!

Kabla ya kumwaga chochote, choteni kwanza. Pitisheni chujio kwenye nyasi za ukingoni, mkung'ute ndani ya beseni jeupe lenye maji. Lava ana macho makubwa na miguu sita. Ukimgusa anachomoka kwa kurusha maji kwa nyuma. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa, naye huufyatua kunasa windo. Msipomwona, tazameni magamba matupu kwenye mabua: mkiyakuta, wameshatoka.

Kereng'ende wanaotaga juu ya magari hapo nje hawana wazimu. Wanatambua maji kwa jinsi yanavyoakisi mwanga, na bodi nyeusi inayong'aa huakisi vivyo hivyo. Mayai yale yamekwenda bure.

Kozi wa Amur, ndege anayewala kereng'ende hawa angani, leo hatumfikii, muda umekwisha. Beseni lipo hapa mbele, na maji yake yamechotwa asubuhi hii kwenye shimo la matofali. Sogeeni mtazame.