Kichaa cha Watengeneza Kofia

Walimu wenzangu,

Wanafunzi hupenda kutuuliza Mwingereza humsemaje mtu mwenye vituko. Misemo ipo tele, na mingi haina ubaya. Watu wa Yorkshire, kwa mfano, husema hakuna kitu cha ajabu kama binadamu. Huo ufundisheni bila wasiwasi. Leo nataka tukae na mmoja tu, "mad as a hatter", yaani fulani ni kichaa kama mtengeneza kofia.

Wengi hudhani umetoka kwenye kisa cha Alice cha mwandishi Mwingereza Lewis Carroll, kilichochapishwa mwaka 1865, ambamo yumo mtengeneza kofia mwenye vituko. Sivyo, ulikuwepo kabla yake, na chimbuko lake bado linabishaniwa. Ugonjwa wa watengeneza kofia, huo haubishaniwi. Kofia za felti, yaani kitambaa cha manyoya yaliyoshindiliwa, zilitokana na manyoya ya sungura. Ili manyoya yashikamane vizuri, yalipakwa dawa ya zebaki iliyoyeyushwa kwa asidi, kisha yakafanyiwa kazi kwa maji moto ndani ya vyumba vilivyofungwa. Fundi alivuta mvuke huo kutwa, miaka nenda miaka rudi. Mikono ikaanza kutetemeka, mwandiko ukaharibika, meno yakalegea. Halafu tabia nayo ikageuka: mpole akawa mkali, mchangamfu akawa mtu wa haya, hataki hata kutazamwa akiwa kazini. Kule Danbury, Marekani, mji uliosifika kwa kofia, mtetemeko huo uliitwa kwa jina la mji wenyewe. Zebaki haikupigwa marufuku katika kazi hiyo nchini humo hadi mwaka 1941.

Watu walizivaa kofia hizo, na aliyezitengeneza wakamfanya mfano wa wazimu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu zebaki hiyohiyo tunayo. Geita na Chunya wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake anauvuta yeyote aliye karibu, hata mtoto. Mchimbaji akianza kutetemeka na kufoka ovyo, mtaani tunasema karukwa na akili, au karogwa, au ni gongo.

Ninyi mnaofundisha huko, watoto wa wachimbaji mnao darasani. Siku ya kuufundisha msemo huu, waelezeni na zebaki. Mzazi mwenye dalili hizo aende hospitali, amweleze daktari kazi anayoifanya, aombe kupimwa mkojo.