Yamaha R6 iliyotumika kidogo: ikague hivi kabla hujatoa pauni

Habari zenu huko nyumbani, na wenzangu mlio huku Uingereza mnaosaka pikipiki ya mtumba, karibuni. Hii iliyo nyuma yangu ni Yamaha YZF-R6 ya 2018. Silinda 4, cc 599, nguvu farasi 118 hivi, na ikiwa imejazwa mafuta ina kilo 190 tu. Tangazo lake linasema "imetumika kidogo, maili 6,200", yaani kama kilomita 10,000.

Maneno hayo "imetumika kidogo" ndiyo nataka tuyachimbe. Kwa pikipiki ya mwendo kasi, maili chache zina maana tatu. Inawezekana imetunzwa na mtu makini anayeiendesha Jumapili za kiangazi. Inawezekana imelala gerejini miaka, vitu vinakauka na kushika kutu. Au maili zenyewe ni chache kweli, ila zimekimbizwa kwenye uwanja wa mbio, na mara moja mbili imelala ubavu kwenye kokoto. Spidomita haikwambii ni ipi kati ya hizo. Vyuma ndivyo vinavyosema.

Kabla ya vyuma, leseni, maana kuna vijana wanadanganyana. Mwenye leseni ya A2, ile ya pikipiki za nguvu ya kati, huku anaruhusiwa kilowati (kW) 35, na pikipiki inayopunguzwa nguvu ifikie hapo lazima asili yake isizidi kW 70. R6 ni kW 87, ndizo zile nguvu farasi 118. Kwa hiyo hata fundi akiifunga nguvu vipi, kisheria bado si yako. Unahitaji leseni kamili ya A.

Haya, anza na simu, usifunge safari bado. Chukua namba ya usajili, ingia tovuti ya serikali ya GOV.UK, historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama, inatoka bure. Kwa England, Scotland na Wales pikipiki huanza kukaguliwa ikitimiza miaka 3, kisha kila mwaka, na kila mara maili zinaandikwa. Soma hizo namba kwa mpangilio. Mfano ukikuta 2021 ilikuwa na 5,800, 2022 ikawa 5,950, 2023 ikawa 6,100, basi ujue hiyo imelala. Maili 150 kwa mwaka ni safari mbili tatu. Ukikuta namba zimerudi nyuma, achana nayo. Soma pia maonyo ya mkaguzi: tairi linakaribia kuisha, sili ya shokapu inavuja jasho, pedi nyembamba. Halafu uliza, yalirekebishwa? Risiti iko wapi?

Kisha lipia ukaguzi wa historia, ule wanaouita HPI. Unaonyesha mambo matatu ya msingi: imeibwa, ina mkopo, au bima iliwahi kuifuta baada ya ajali, yaani iliona hailipi kuitengeneza. Ikiwa ya mkopo wa kulipa kidogo kidogo, mwenye mali ni kampuni mpaka deni liishe, na ugomvi huo huutaki. Kuhusu kufutwa, tangu Oktoba 2017 herufi ni S, yaani fremu au muundo uliumia, na N, yaani muundo haukuguswa. A na B hazirudi barabarani kabisa. R6 ya herufi S mimi siigusi hata ikishuka bei vipi. Ya herufi N inaweza kuwa na maana, kwa sababu makava ya plastiki ya pikipiki hizi ni ghali kiasi kwamba kuanguka kwa mwendo mdogo tu kunatosha bima kuifuta.

Unapompigia muuzaji kupanga muda, mwambie jambo moja: usiiwashe kabla sijafika. Ukifika, weka kiganja kwenye kava la injini. Sogelea mabomba ya ekzosi bila kuyashika kwanza. Kama ni ya moto, kuna kitu ameficha, au hakukusikia. Kwa vyovyote, subiri ipoe au rudi siku nyingine. Injini iliyopashwa moto inanyamaza kelele nyingi ambazo ikiwa baridi zingeshtaki.

Sasa njoo karibu na kamera, tuanze mbele. Mbele ndiko pesa iliko.

Pikipiki hii shokapu zake za mbele zimegeuzwa, mrija mwembamba unaong'aa uko chini, karibu na tairi. Futa vumbi kwa kitambaa cheupe, kisha shika breki ya mbele uibonyeze pikipiki mara tano sita kwa nguvu. Tazama pale mrija unapoingilia. Ukiona duara la mafuta limebaki, sili imekwisha. Sili zenyewe si bei kubwa, kazi ni kuzifungua. Hatari yake ni kwamba mafuta yakishuka yanaingia kwenye pedi, na breki ya mbele inakosa nguvu. Pitisha ukucha juu mpaka chini kwenye huo mrija. Ukucha ukikwama kwenye kitobo cha kutu au jiwe, sili mpya nayo itachanika. Kwenye pikipiki zilizolala, sili hukauka, zikaanza kuvuja siku ya kwanza tu pikipiki ikitoka.

Sasa pinda usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, umulike kwa tochi shingo ya fremu kwa chini. Kuna vizuizi viwili vidogo ambavyo usukani hugonga na kusimama. Hivi hapa, vinaonekana? Kwenye pikipiki isiyoanguka, rangi imechubuka kidogo tu pale vinapogusana. Ikianguka kwa kasi usukani hujikunja kwa nguvu zote, na kizuizi hubonyea, hupasuka au huvunjika kabisa. Muuzaji anaweza kununua makava mapya China, akapaka rangi, akabandika stika. Lakini kizuizi kimeungana na fremu ya aluminiamu, na kukificha ni kazi. Ukikiona kimebonyea, au kina alama ya kuchomelewa, shika njia yako.

Ukiwa hapo hapo, mbele iinuliwe juu ya stendi. Geuza usukani polepole kwa kidole kimoja. Unatakiwa kuteleza kama maji. Ukisikia unatulia wenyewe katikati, kama umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekula, mara nyingi ni kwa sababu ya kuinua tairi la mbele na kulitua kwa kishindo. Kisha shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na kusukuma. Kukiwa na mchezo, beringi zimelegea. Simama mbele, funga jicho moja, uone kama mirija miwili iko sambamba.

Alama za kuanguka tafuta kwenye ncha: mwisho wa mikono ya usukani, ncha za mkono wa breki na klachi, ncha za vikanyagio, pembe ya kava la injini, tumbo la ekzosi. Kitu kimoja kipya kabisa katikati ya vitu vya zamani kiulizie. Mkono wa klachi unang'aa, wa breki umepauka? Upande wa klachi ulianguka. Chungulia na ndani ya makava: ya kiwandani huwa na alama zilizochongwa za aina ya plastiki na namba ya spea, yale ya bei rahisi mara nyingi hayana kitu, na matundu ya bolti hayakai sawa.

Uwanja wa mbio nao una alama zake. Bolti ya kumwagia oili ikiwa imetobolewa tundu dogo pembeni, lile ni la waya wa usalama, na hakuna anayefunga waya kwa ajili ya kwenda kazini. Tazama pia kifuniko cha oili na bolti za breki. Gundi iliyobaki kwenye taa ilikuwa ya utepe wa kufunika kioo. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: mashindano mengi ya mbio hukataza kulanti (maji ya kupozea injini) yenye glaikoli ya kuzuia kuganda, kwa sababu ikimwagika lami inateleza vibaya, kwa hiyo watu hutia maji matupu. Akiiuza Novemba bila kurudisha kulanti, maji yakiganda kwa baridi ya huku yanaweza kupasua injini. Angalia rangi kwenye chupa ya akiba, na kama rejeta imebonyezwa na mawe. Siku za uwanjani peke yake si dhambi, wapo wanaobadilisha oili baada ya kila mara mbili tatu. Dhambi ni kuficha.

Tairi. Ubavuni kuna duara lenye namba nne za mwisho: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Yaani kama hii ya 2018 ina tairi za kiwandani, mifereji yake bado ina kina, inapendeza, lakini mpira umekuwa mgumu. Hesabu mpya mbili, 120/70 mbele na 180/55 nyuma, zote inchi 17. Sheria huku inataka kina cha milimita 1 kwenye robo tatu ya upana, wewe usikubali kidogo hivyo. Ukiona kingo zimeviringika mpira kama vumbi la kifutio, hiyo imetoka uwanjani. Katikati bapa? Barabara kuu kwa muda mrefu.

Cheni: ishike nyuma kabisa ya meno ya gurudumu uivute kuja kwako. Ikitoka mpaka nusu ya jino lionekane, imekwisha. Zungusha gurudumu taratibu uone kama kuna mahali inakaza na kulegea, na kama meno yamepinda kama mapezi ya papa. Cheni ikiisha badilisha na meno yote mawili, usichanganye mpya na ya zamani.

Breki haraka: diski ina unene wa chini umechongwa juu yake. Pedi chini ya milimita 2, hesabu mpya. Mafuta ya breki yakiwa na rangi ya chai ya rangi, hayajabadilishwa, na hayo hubadilishwa kila miaka 2 hata pikipiki isipotembea.

Geuza ufunguo. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaifunika. Sikiliza nyuma: valvu ya ekzosi ina mota ndogo inayovuma sekunde moja. Ukibadilishiwa ekzosi hiyo mota hunyamazishwa, sawa, ila ulizia ekzosi ya awali iko wapi, maana ni pesa. Washa. Mngurumo mkavu wa chuma upande wa cheni ya taimingi unaoisha baada ya sekunde chache ni wa kawaida kwenye injini nyingi. Ukiendelea, hasa kwenye mizunguko 4,000 hadi 5,000, tensheni, kile kidude kinachokaza cheni hiyo, imechoka, na R6 inajulikana kwa hilo. Tensheni inabadilika kirahisi, lakini ukiacha, cheni ikiruka jino, valvu na pistoni vinakutana. Moshi wa buluu ni oili. Mweupe mzito usioisha injini ikipata moto ni kulanti. Mita ya umeme kwenye betri: imezimwa volti 12.6 au zaidi, ikiwashwa na kupandishwa mizunguko kidogo 13.8 hadi 14.5. Isipopanda, regyuleta au koili za kuchajia.

Funguo. R6 zinazouzwa huku huja na funguo mbili nyeusi na moja nyekundu. Nyekundu ndiyo inayosajili funguo mpya kwenye mfumo wa kuzuia wizi. "Nimeipoteza" si jibu dogo. Ukija kupoteza na hizo nyeusi, unaingia gharama ya kubadilisha kompyuta na seti ya kufuli.

Safari ya kujaribu: wauzaji wengi watataka ukabidhi pesa yote mkononi kwanza, na wana haki. Hakikisha bima yako inaruhusu kuendesha pikipiki isiyo yako. Maili 30 kwa saa, legeza mikono: isivute upande. Gia ya pili, fungua gesi vizuri: ikiruka kutoka kwenye gia, meno ya ndani yamelika, na hapo injini inapasuliwa nusu mbili kurekebishwa. Gia ya tano, fungua: mizunguko ikipanda na kasi ikabaki, klachi inateleza. Breki ikipiga mapigo mkononi, diski imepinda.

Ukirudi, usibishane bei kwa hisia. Andika: tairi, cheni na meno, sili za shokapu, oili na vimiminika, betri. Piga bei ya spea hapo hapo kwa simu, mwonyeshe jumla, itoe kwenye bei.

Mwisho karatasi. Kutana nyumbani kwake, anwani ilingane na V5C, yaani hati ya usajili. Namba 17 za fremu, zilizochongwa kwenye shingo, zilingane na karatasi, na zisiwe na alama ya kukwanguliwa. V5C inaonyesha nani kasajiliwa kama mtunzaji, haithibitishi umiliki, kwa hiyo dai risiti yake ya kununulia. Unabaki na kipande chake cha kijani cha mtunzaji mpya. Kodi ya barabara haihamii kwako, hilo liliisha Oktoba 2014, unalipa yako kabla ya kutoka, na bima vivyo hivyo. Na bima ya R6 ulizia kabla hujaenda kuiona, siyo baada. Kwa kijana anayeishi katikati ya London, hiyo bei peke yake inaweza kuahirisha safari.

Video ijayo tunafungua hizi shokapu na kubadilisha sili, na tutapima mafuta kwa milimita.