Tumpake nini? Dawa za mimea kwenye ngozi ya mgonjwa wa saratani

Ndugu mwenyekiti, wauguzi wenzangu, wanafunzi, na hasa ninyi mama zetu na ndugu mnaouguza wagonjwa majumbani, nashukuru kwa kunialika.

Hapa Dodoma, swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki haliulizwi na mgonjwa mwenyewe, bali na shangazi au dada aliyemsindikiza: "Sista, tumpake nini?" Nami hujibu kwa kuuliza: ngozi yake imefika wapi? Mmea uleule unaompa nafuu mwenye ngozi nzima unaweza kumuumiza vibaya mwenye ngozi iliyofunguka, na karibu yote nitakayosema leo yanatokana na tofauti hiyo.

Mionzi ya kutibu saratani haiunguzi kama moto wa jiko. Hudhuru seli za tabaka la chini la ngozi, zile zinazozaliwa kila siku ili kuziba nafasi ya zinazopukutika juu. Ndiyo maana siku za mwanzo mgonjwa haoni kitu, na mabadiliko huanza kujitokeza juma la pili au la tatu. Kilele chake mara nyingi huja wiki moja au mbili baada ya mionzi ya mwisho, yaani wakati mgonjwa ameshapanda basi au treni kutoka Dar es Salaam na yuko nyumbani, mbali na waliomtibu. Vitabu vingi vimeandika kwamba ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Tunachoona ni weusi kuzidi, ngozi kung'aa na kukaza, mwasho, na joto ukigusa kwa mgongo wa mkono. Muuguzi anayesubiri wekundu atachelewa. Baadaye ngozi hukauka na kubanduka kama magamba, na kwa baadhi ya wagonjwa, hasa chini ya titi, kwapani na kinenani, hubabuka na kutoa majimaji.

Nianze na mshubiri, huu mnaouita alovera, kwa kuwa ndio unaotangulia kukatwa. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya wanawake 225 waliopata mionzi ya titi, wengine wakipaka jeli ya mshubiri, wengine krimu ya kawaida isiyo na dawa. Krimu ya kawaida ndiyo iliyofanya vizuri zaidi katika kupunguza kubanduka kukavu na maumivu. Na hiyo ilikuwa jeli iliyosafishwa. Jani la uani lina kitu cha ziada: ukilikata, kabla ya ute mweupe hutiririka utomvu wa manjano ulio mchungu, nao huwasha ngozi. Nilimpokea mama mmoja ambaye nduguze walimkamulia jani bichi juu ya ngozi iliyokwisha kubabuka chini ya titi, kisha wakafunika kwa kipande cha kitenge. Kitenge kiligandia. Ilituchukua karibu nusu saa kukilowesha kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo kabla hakijaachia, na mama alikuwa ameng'ata ncha ya kanga muda wote. Sikuwalaumu nduguze. Mimi ndiye niliyemruhusu aondoke bila kumwambia kwamba kilele kilikuwa bado hakijafika.

Mmea wenye ushahidi wa kutia moyo zaidi si wa kwetu. Ni kalendula, ua la rangi ya chungwa, ambalo marhamu yake ilijaribiwa Ufaransa kwa wanawake 254, matokeo yakatolewa mwaka 2004: madhara ya ngozi ya kiwango cha kati au zaidi yaliwapata asilimia 41 ya walioipaka, dhidi ya asilimia 63 ya waliopaka dawa nyingine iliyozoeleka huko. Hata hivyo baadhi yao walilalamika kwamba marhamu hiyo ilikuwa ngumu kupaka. Naomba mtu asiende kuchuma maua ya chungwa yaliyopandwa kwenye bustani za mjini, kwani mengi ni ya mmea mwingine, unaofanana na kalendula kwa rangi tu. Ubani nao umejaribiwa Italia ndani ya krimu, na manjano pamoja na liwa yamejaribiwa India. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini yalihusu krimu za kiwandani zenye kipimo, si unga uliotwangwa nyumbani.

Kwenye hina nitakaa kidogo, maana hina ni yetu. Vidonge vya kepesitabini, wanavyopewa wagonjwa wengi wa saratani ya titi na ya utumbo mpana, huweza kufanya viganja na nyayo viwake moto, vivimbe na kupasuka hadi mtu ashindwe kushika sufuria. Mwaka 2008 madaktari wa Uturuki walieleza kuhusu wagonjwa 10 wa aina hii waliopakwa hina, na wengi wao walipata nafuu. Wagonjwa 10 bila kundi la kulinganisha ni dokezo tu, halijawa ushahidi. Pamoja na hayo sijamkataza mgonjwa wangu kupaka hina kwenye ngozi isiyopasuka, ila kwa masharti. Iwe hina ya majani matupu, isiwe piko, kwa kuwa piko huwa na kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kutoa malengelenge hata kwa mtu mzima wa afya. Tuelezwe kama katika familia kuna upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, kwa sababu watoto wachanga wenye upungufu huo wamewahi kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu baada ya kupakwa hina. Tena tuione mikono kabla haijapakwa, maana chini ya rangi ile hatuwezi kutambua ngozi imebadilika kiasi gani, na daktari anahitaji kujua ili aamue kama dozi ipunguzwe. Kinachozuia tatizo hili kwa ushahidi ulio imara kuliko wa hina ni krimu ya urea ya asilimia 10, iliyopimwa Ujerumani.

Sasa mafuta. Sisi tunakaa kwenye alizeti, na madumu yake yamepangwa barabarani kutoka hapa hadi Singida. Mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliwapaka watu wazima 19 mafuta ya zeituni na ya alizeti. Zeituni ilidhoofisha kizuizi cha ngozi, yaani uwezo wake wa kuzuia maji yasipotee, alizeti haikukidhoofisha. Hawakuwa wagonjwa wa mionzi, kwa hiyo sisemi alizeti inatibu. Nasema kwamba kwa ngozi kavu ambayo bado ni nzima, katika upepo wetu wa Juni na Julai, mafuta ya alizeti yaliyosafishwa na kuwekwa kivulini hayana ubaya, wala si lazima familia inunue zeituni kwa bei kubwa. Wenye mafuta ya zeituni yaliyoombewa, imani yenu naiheshimu: yapakwe kwenye paji la uso.

Wengine huambiwa wasipake wala kuoga kabisa siku za mionzi. Kuoga kwa maji na sabuni isiyo kali hakujaonekana kuzidisha madhara. Kuhusu krimu, utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulipima na kukuta kwamba tabaka jembamba, hata la milimita moja au mbili, haliongezi mionzi juu ya ngozi, ila tabaka nene la milimita tatu au zaidi huiongeza. Paka kidogo, na usifute alama za wino ulizochorwa kuonyesha mahali pa mionzi.

Ngozi ikishatoa majimaji, mimea yote inasimama. Hapo tunahitaji bandeji isiyogandia, na kama kuna usaha, harufu au homa, mgonjwa afike hospitali siku hiyohiyo, kwa maana anayepata na tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, huenda hana askari wa kutosha mwilini wa kupambana na vijidudu.

Nakaribisha maswali. Nimemwona mama wa safu ya nyuma ameshika chupa isiyo na lebo. Naomba tuanze na hiyo.