Nailoni Kwanza, Shujaa Baadaye: Gemu za Katuni Ambazo Hazijafunguliwa

Mabibi na mabwana, karibuni. Tunazungumzia gemu za video zilizotokana na vibonzo na katuni, zile ambazo hazijafunguliwa tangu kiwandani, zikiwa bado ndani ya nailoni yao (utando wa plastiki unaozunguka boksi), kisha zikapimwa, zikapewa daraja na kufungiwa ndani ya kasha la akriliki. Nitabaki Marekani, kwa sababu kampuni kubwa za upimaji na minada inayosikika viko huko.

Kwanza tusome daraja. VGA, kampuni ya upimaji iliyoanza 2008, hutumia mizani inayofika 100, na kuanzia 85 unaingia ngazi ya dhahabu. Wata, kampuni nyingine iliyoanza 2018, imekuwa ikitoa alama mbili: namba ya hali ya boksi, mwisho 10, na herufi ya hali ya nailoni, kuanzia C hadi A++. Kwa hiyo 9.6 B ni boksi safi sana ndani ya nailoni yenye tundu au mpasuko, na 8.0 A++ ni kinyume chake. Wauzaji hupenda kutaja namba na kumeza herufi. Kwa gemu ya katuni, ambayo uzuri wake uko kwenye mchoro wa jalada, mimi ningechukua 9.6 B kabla ya 8.0 A++, ingawa soko halikubaliani nami kila mara.

Sasa tuje kwenye nailoni, maana hapo ndipo fedha zinapopotea. Chukua DuckTales ya Capcom, ya NES (mashine ya kuchezea ya Nintendo), 1989. Boksi la kawaida la NES la Marekani lina mshono mmoja uliokatiza mgongo, yaani upande wa nyuma, kwa mlalo, upande hadi upande, na nailoni imekaza bila kulegea pembeni. Maduka yaliyopokea gemu zilizorudishwa yalikuwa na mashine zao za kufungia upya. Mashine hizo hukata na kuunganisha nailoni kwenye kingo tatu, kisha hewa ya moto huibana. Ukiona mshono unatembea ukingoni badala ya mgongoni, au vitundu vidogo vya kutolea hewa vilivyopangwa mstari, weka pochi mfukoni kwanza.

Lakini mshono peke yake hautoshi, kwa sababu waghushi nao wamejifunza kuuiga. Tazama kilicho chini ya nailoni. Boksi lililobonyea kona linaweza kuwa halali kabisa: kishindo hupita kwenye nailoni bila kuichana. Mikwaruzo ya wino, kingo zilizochubuka hadi karatasi nyeupe, au alama ya stika ya bei iliyobanduliwa kwenye karatasi yenyewe, hayo hayapiti. Yakiwepo chini ya nailoni nzima, basi boksi lilishikwashikwa kwanza na nailoni ikaja baadaye. Stika ya bei iliyo juu ya nailoni, kinyume chake, ni shahidi mzuri. Usiibandue. Joto la kuilainisha hulegeza nailoni, na herufi yako inashuka.

Kila mashine ya kuchezea ina tabia yake. Boksi za mwanzo za NES zilikuwa na kipande cha kutundikia kilichokatwa mgongoni, na Popeye ya 1986 yenye kipande hicho ni ya chapa ya awali zaidi. Gemu nyingi za PlayStation ya kwanza hazina boksi la karatasi: nailoni yake imekunjwa kwenye ncha kama karatasi ya zawadi. Kwa Spider-Man ya 2000, epuka ukanda wa kijani ulioandikwa Greatest Hits, kwa sababu hiyo ni chapa ya marudio na bei yake ni nyingine. Halafu inamishe taratibu usikilize. Diski ikigongagonga, meno yanayoishikilia yamevunjika, na hakuna atakayekurekebishia bila kufungua.

Uhaba nao unadanganya. Teenage Mutant Ninja Turtles ya NES, ya 1989, iliuzwa takriban nakala milioni 4. Katriji zisizo na boksi zimejaa kila mahali, lakini ambazo hazikufunguliwa ni hesabu tofauti kabisa. Ripoti ya idadi ya kampuni ya upimaji inakuonyesha zilizopimwa tu. Haionyeshi zilizo darini kwa watu, na mtu akivunja kasha ili apimiwe upya apate daraja la juu, nakala moja inaweza kuhesabiwa mara mbili. Julai 2021 nakala ya Super Mario 64 ambayo haikufunguliwa iliuzwa dola milioni 1.56 kwenye mnada wa Heritage, na bei za soko zima zilipanda kabla ya kushuka. Anayekutajia bei za mwaka huo mwombe mauzo ya karibuni, ya mchezo huohuo, kwa daraja na herufi ileile.

Kabla ya kulipa, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na, kama ipo, ulinganishe picha na mkunjo mmoja unaoutambua kwenye nailoni. Makasha bandia yapo.

Ukituma ya kwako ipimwe, piga picha pande zote sita, usiifute kwa spiriti wala kubandika selotepu. Iweke ndani ya kikinga cha plastiki kinachoitosha, izungushie nailoni ya mapovu, kisha boksi ndani ya boksi lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande.

Kuhusu kuhifadhi: mwanga wa jua hula rangi nyekundu kwanza, na akriliki ya kawaida haiuzuii vya kutosha. Nailoni iliyokazwa sana huendelea kuvuta karatasi na kuipinda. Kasha halizuii hewa, kwa hiyo mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam ahitaji kisanduku chenye mfuniko wa mpira, kipima unyevu, na vifuko vya silika vinavyobadilishwa kabla kipimo hakijapita asilimia 50.