Na Yule wa Boda Je?

MWANGI: Karibuni tena. Leo tuliahidi mambo matatu: kimeta, klorini na sumu za neva, na jinsi ya kuwaandaa wahudumu wa afya kwa shambulio la sumu au vijidudu. Lakini Sista Akinyi amekuja na lake.

AKINYI: Lazima nilitoe kwanza. Jumanne boda ilileta kijana kazualti. Kazi yake ni kupulizia nyumba dawa ya kunguni. Pampu imemvujia mgongoni akiwa ndani ya chumba huko mtaa wa Pipeline, Nairobi, madirisha yote yamefungwa. Jasho linamtiririka, mate yanamtoka, mboni zimefinyaa hadi zimekuwa nukta. Akalazwa kitandani na shati lile lile, limelowa chepechepe. Mkasi haujapatikana, mwenzangu aliyemshika tayari anatokwa machozi na kifua kinambana.

MWANGI: Na yule wa boda?

AKINYI: Aliondoka. Abiria mwingine alipanda pale pale getini.

MWANGI: Ngoja. Kijana amemlalia mgongoni kutoka Pipeline, jaketi limenyonya dawa, halafu mtu mwingine akalikumbatia?

AKINYI: Ndiyo. Na usiku analitundika chumba wanacholala watoto. Kama wewe ni wa boda na umebeba mgonjwa wa namna hiyo, vua nguo zote, zifunge kwenye mfuko peke yake, oga kwa sabuni na maji mengi, osha kiti cha pikipiki. Macho yakififia au kifua kikibana, rudi hospitali, usingoje asubuhi.

MWANGI: Kijana mlimpa nini?

AKINYI: Atropini, dawa ya kupunguza makali ya sumu hiyo. Dalili zile ni za organofosfeti, aina ya dawa za wadudu zinazoshambulia neva, na sarini, ile sumu ya neva ya mashambulio, ni ya ukoo huo huo. Unampa, baada ya dakika tano unasikiliza kifua. Bado kinakoroma maji? Ongeza maradufu. Kipimo chako ni kifua kukauka, mboni zisikudanganye. Muuguzi anayemjulia mtu wa kunguni ameshajua nusu ya kazi siku ya shambulio.

MWANGI: Hapo umenipeleka Tokyo, 20 Machi 1995, shambulio la sarini ndani ya treni. Hospitali ya St. Luke's ilipokea wagonjwa zaidi ya 600 siku hiyo moja. Wengi walifika kwa miguu, kwa teksi, kwa magari ya wapita njia. Hao ndio wa boda wao!

AKINYI: Na waliingia na nguo zao. Wengine waliwekwa kwenye kanisa la hospitali, hewa haizunguki, wahudumu nao wakaugua. Ndiyo maana nasema mafunzo yaanze na askari wa geti. Mgonjwa avuliwe nje, aoshwe, ndipo aingie. Aliyezidiwa, atropini anapewa huku nguo zinakatwa.

MWANGI: Getini Nairobi, Sista? Simu zote zimeinuliwa? Mama wa mtu avuliwe hadharani, jioni yuko mitandaoni? Wiki ijayo watu watapitia chemisti.

AKINYI: Pazia na shuka, basi.

MWANGI: Na maji? Hospitali ngapi za mitaa yetu zina maji kila siku? Leteni tangi na hema kwanza, halafu mfundishe.

AKINYI: Hema likingoja tenda, wauguzi wanavuta sumu. Mkasi haungoji tenda. Kumvua nguo tu kunaondoa sehemu kubwa ya sumu hata kabla ya maji.

MWANGI: Kumvua bila sitara ni kumfukuza.

AKINYI: Kumwingiza hivyo ni kuifunga kazualti nzima. Wa pili atatibiwa na nani?

MWANGI: Sikubali.

AKINYI: Nami sikubali.

MWANGI: Produsa ananionyesha dakika moja, na kimeta hatujakigusa.

AKINYI: Kimeta si cha shambulio tu, kiko hata kwenye nyama ya ng'ombe aliyejifia, msiile. Klorini itangoja.

MWANGI: Na pazia lako?

AKINYI: Kesho nakwenda kuliomba.

MWANGI: Omba na tangi.

[Muziki]