Yai la gilemoti halizunguki, tuelewane

Najua mtauliza tu kuhusu lile yai, kwahiyo tuanze nalo. Mmeambiwa gilemoti, yule ndege wa baharini, anataga yai lililochongoka kama pea ili likisukumwa lizunguke mahali palepale lisidondoke kwenye genge, ule mwamba mrefu kando ya bahari. Jamani. Hii hadithi nimeipinga mpaka sauti ikakauka, na bado nikimaliza kuongea kuna mtu ananifuata mlangoni kunieleza jinsi linavyozunguka.

Walichojaribia wengi ni kaka, yai limetobolewa likapulizwa likabaki tupu, sasa hilo ni jepesi, mezani linazunguka vizuri mno. Yai zima lina gramu 100 na ushee, duara lake la kuzungukia linakuwa pana, na ukingo wa mwamba mara nyingi ni mwembamba kuliko hilo duara. Linazungukia wapi, hewani? 2018 mtafiti wa ndege Tim Birkhead na wenzake wakayaweka mayai kwenye mteremko, basi, wakaangalia lipi linakaa. Lililochongoka zaidi ndo likatulia, maana ubavu wake umenyooka, linagusa mwamba sehemu kubwa. Yaani faida yenyewe ni kwamba halianzi kuondoka, sio kwamba likiondoka linajua njia!

Kuna anayesema si ajenge kiota tu yaishe. Ajenge wapi? Wanabanana hata jozi 20 kwenye mita moja ya mraba, kijiti utakiweka juu ya kichwa cha nani? Na huko kubanana ndo ulinzi wenyewe, shakwe akija kuiba anakutana na midomo inayomdonoa kila upande. Yai ni moja tu, juu ya mwamba mkavu, baba na mama wanalalia kwa zamu siku kama 32. Rangi sasa: bluu, kijani, nyeupe, yenye madoa, yenye michirizi, kila jike na muundo wake, na ndivyo wanavyolijua la kwao kwenye vurugu ile.

Muda umeniishia, naona napungiwa mkono pale nyuma. Haraka haraka, ndege wengine wa baharini: kitiweki yupo kwenye magenge hayohayo ila yeye anajenga, tope na majani, pafini anachimba shimo, buabua mweupe anataga juu ya tawi tupu, hata jani hatandiki, huyo alistahili mhadhara wake.

Kifaranga cha gilemoti kikifika kama wiki tatu kinajirusha baharini kabla hakijajua kuruka, na anayeondoka nacho ni baba. Mama anabaki pale gengeni siku kadhaa, analinda nafasi yake isichukuliwe.