Wiki mbili za kwanza za kiangazi na mtoto mdogo

Wazazi wenzangu na walezi, karibuni. Naona wengine mmekuja na watoto. Akilia mtoto msione haya, tutapaza sauti kidogo na kuendelea.

Tumeitwa kuzungumzia maisha ya nyumbani na watoto wadogo kiangazi kinapoanza, na mimi nitaling'ang'ania hilo neno la mwisho, "kinapoanza". Watu huliogopa joto la katikati ya msimu, lile linalotangazwa redioni. Nawaomba mziogope zaidi siku 14 za mwanzo. Mwili wa binadamu huchukua kati ya siku 7 na 14 kulizoea joto: hujifunza kutoa jasho mapema, chumvi inayotoka na jasho hupungua, na moyo huacha kwenda mbio kwa kazi ndogo. Kabla ya hapo, siku ya joto la wastani tu inaweza kumlegeza mtoto ambaye mwezi ujao atacheza kwenye joto kubwa zaidi bila taabu. Nyumba nayo haijazoea. Blanketi bado liko kitandani, ndoo bado imekaa palepale, chakula bado kinaachwa mezani kama kilivyoachwa wakati wa baridi. Msimu umebadilika, ratiba haijui.

Mtoto ana shida zaidi kwa sababu ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake, hivyo joto la nje humwingia upesi. Jasho lake ni kidogo. Tena mtoto mchanga hawezi kuvua nguo wala kuhamia kivulini. Wa miaka mitatu anaweza kuomba maji, ila akinogewa na mchezo husahau kabisa kwamba ana kiu.

Tuanze na maji, maana hapa ndipo upendo unapowaponza watu. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hapewi maji, hata siku ya joto kali. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Joto likipanda, mtoto atanyonya mara nyingi zaidi na kwa muda mfupi mfupi. Mwacheni, anakata kiu. Anayepaswa kuongezewa maji ni mama. Ukimjaza mtoto maji matupu, tumbo dogo linajaa anakosa maziwa, na figo zake changa hazijaweza kuyatoa maji mengi kwa haraka. Chumvi ya damu inazimuliwa, na ikishuka sana mtoto anapata degedege. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia maziwa ya unga aongezewe idadi ya chupa, siyo maji ndani ya chupa. Vipimo vya kopo havibadiliki kwa sababu ya jua. Ukihisi hazimtoshi, muulize muuguzi kabla hujampa maji.

Kuanzia miezi 6 hadi mwaka mmoja, mpe maji kidogo kidogo kwa kikombe wakati wa kula. Mililita 120 hadi 240 kwa siku zinatosha, maana maziwa bado ndiyo chakula kikuu. Wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kunywa karibu lita moja kwa siku, maziwa yakiwemo, na joto linaiongeza. Msimuulize "una kiu?" Jibu la mtoto anayecheza ni "hapana". Fungeni maji kwenye matukio: kabla ya kutoka, kila baada ya dakika 20 za kukimbia, akirudi, akiamka. Mkitaka kujua kama yanatosha, tazameni mkojo. Wa rangi ya majani makavu yaliyopauka ni sawa. Ukiwa wa njano iliyokolea, amechelewa. Kwa mchanga, hesabuni nepi: kwa kawaida hulowesha sita au zaidi kwa siku. Ikipita saa sita hadi nane nepi ni kavu, mdomo umekauka, analia bila machozi, au utosi umebonyea, hiyo ni safari ya hospitali, si jambo la kusubiri asubuhi.

Kiangazi kinakuja na kuharisha, kwa hiyo wekeni pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha, nyumbani kabla hazijahitajika. Someni pakiti inataka maji kiasi gani. Nyingi ni za lita moja, lakini si zote, na kosa ninalolisikia kila mara ni mtu kugawa pakiti ya lita moja kwa macho, nusu leo nusu kesho. Ikawa chumvi nyingi mno au kidogo mno. Zikikosekana, changanyeni wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kifutwe juu kwa mgongo wa kisu kiwe sawa, siyo kilima. Onjeni kwanza, yasizidi chumvi ya machozi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa kidogo 100 hadi 200. Kijiko kimoja kimoja, siyo kikombe cha kugida. Akitapika subirini dakika 10 kisha muanze tena taratibu zaidi. Yasiyotumika ndani ya saa 24 yamwagwe. Kunyonya kunaendelea wakati wote.

Usiku sasa. Naona vichwa vinatikiswa, nadhani wengi mmekuja kwa ajili ya hili.

Mtoto hulala mwili unapopoa kidogo na mwanga unapopungua. Mwanzo wa kiangazi unaviharibu vyote viwili, hasa kwa wanaoishi mbali na ikweta, ambako jua linaweza kuzama saa tatu au saa nne usiku. Usimlaumu mtoto anayekuambia bado mchana. Anasema kweli. Saa moja kabla ya kulala fungeni mapazia mazito na mzime skrini. Akiwa amezoea muda fulani na jua limemvuruga, sogezeni muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili tatu, maana kumsogeza saa nzima kwa siku moja ni kununua vita. Mchana, dirisha la upande wa jua lifungwe na pazia lishushwe. Usiku, hewa ya nje ikishakuwa baridi kuliko ya ndani, fungueni pande mbili hewa ipite.

Hapohapo kwenye dirisha kuna hatari iliyojificha. Kitanda au kochi lililokaa chini ya dirisha wakati wa baridi halikuwa na neno kwa sababu dirisha lilifungwa. Sasa liko wazi. Wavu wa mbu unazuia mbu. Mtoto akiuegemea unang'oka naye. Hamisheni samani zote anazoweza kupandia, na kama ni ghorofani, wekeni kizuizi dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10.

Je, mtoto amevaa sawa? Usiguse mikono wala miguu, hiyo kwa mchanga hupoa hata akiwa na joto. Ingizeni vidole viwili nyuma ya shingo, au wekeni kiganja kifuani. Pakiwa na unyevu wa jasho, punguzeni nguo moja, mrudi kumgusa baada ya dakika chache. Usiku wa joto, nepi na fulana nyepesi ya pamba vinatosha, na ukiwa mkali zaidi nepi peke yake. Mchanga alazwe chali, bila mto, bila kofia, bila kitu kinachoweza kumfunika uso, kwa sababu joto kupita kiasi ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini. Feni isukume hewa ya chumba, isimpige usoni. Na joto la chumba likipita nyuzi 35 feni peke yake haisaidii sana, inazungusha hewa ya moto tu. Mfute mtoto kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu ndipo feni ifanye kazi. Maji baridi sana yanabana mishipa ya ngozi na kumtetemesha, joto likabaki ndani.

Harara nitaipitia upesi. Ni vile vipele vidogo vya shingoni, kwapani na kwenye mikunjo, vinavyotokea mirija ya jasho inapoziba. Dawa yake ni kupoa na kukauka. Mafuta mazito yanaziba zaidi. Poda inaingia mapafuni, iacheni.

Nje ya nyumba, jua kali ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na kipimo cha bure ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mwenye nacho, ingieni ndani au chini ya mti. Wa chini ya miezi 6 asiwekwe juani kabisa. Nguo nyepesi ya mikono mirefu na kofia pana ndiyo kinga yake. Wakubwa wapakwe losheni ya kukinga jua ya SPF (kiwango cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi nusu saa kabla ya kutoka, na irudiwe kila saa mbili na kila wanapotoka majini. Mkitumia na dawa ya mbu, losheni inatangulia. Kigari cha mtoto msikifunike kwa kanga au blanketi, hata jembamba. Kinaonekana kivuli kizuri, kumbe hewa imekatika na ndani kunapanda joto haraka. Kwenye uwanja wa michezo, wekeni mgongo wa mkono juu ya telezi kabla mtoto hajakaa. Ukishindwa kuuacha kwa sekunde tano, ngozi yake haitaweza, na msidanganyike kwamba ni la plastiki.

Sasa ndoo. Nimelitengea muda kwa sababu kila mtu anaogopa bwawa na hakuna anayeogopa ndoo.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana kichwa kizito, uzito wake mwingi uko juu. Anaiona ndoo, anashika ukingo, anachungulia, labda kuna kijiko kimedondokea ndani. Anainama kukichukua. Miguu inanyanyuka, kichwa kinatangulia, na mikono haina nguvu ya kujisukuma kurudi. Ndoo yenye lita 10 za maji ina kilo 10 na ushee, karibu sawa na yeye, kwa hiyo haipinduki ikamwokoa. Hapigi kelele kwa sababu mdomo uko majini. Sentimita 5 za maji zinatosha, na yote yanaisha kwa dakika chache ambazo wewe ulikuwa unaanika nguo. Kiangazi kinaongeza vyombo hivi: beseni la kuchezea, bwawa la kujaza upepo, ndoo ya akiba maji yakianza kukatika. Ya kuchezea yamwagwe na chombo kigeuzwe chini mtoto akitoka tu, siyo jioni. Mnaolazimika kuweka akiba, tumieni chombo chenye mfuniko wa kukaza, ndani ya chumba kinachofungwa. Mnafaidi mara mbili, maana mbu huhitaji wiki moja hivi ya maji yaliyotuama kutoka yai hadi kuruka.

Watu wazima wakiwa wengi majini hali huwa mbaya zaidi, kila mmoja anadhani mwenzake anatazama. Mteueni mmoja kwa jina, kwa dakika 15, bila simu, awe karibu kiasi cha kumfikia mdogo kwa mkono, na anapomaliza akabidhi kwa mdomo: "Sasa ni wewe." Maboya ya mikononi ni vitu vya kuchezea. Bwawa la nyumbani lizungushiwe uzio pande zote nne, usiopungua mita 1.2, wenye lango linalojifunga lenyewe. Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msikamue tumbo. Mlazeni chali, mpeni pumzi 5, kisha mibano 30 katikati ya kifua na pumzi 2, mkiendelea hivyo huku mwingine akiita msaada. Mkajifunze kwa mikono kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, maneno yangu hayatoshi.

Chakula kilichopikwa kikae mezani si zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja. Chupa ya maziwa ya unga mtoto aliyokwisha kuianza isipite saa moja. Mate yake yameshaingia humo. Kuichemsha upya hakuirudishi.

Dada pale mbele ameuliza: nitajuaje ni homa au ni joto la jua? Aliyekaa juani au ndani ya kitu cha moto, akawa wa moto sana, amelegea, anasinzia ovyo, anatapika au hakutambui, huyo mtendeeni kama mwenye kiharusi cha joto, yaani mwili umeshindwa kujipoza. Dawa za kushusha homa hazifanyi kazi hapo, kwa kuwa homa inaongozwa na ubongo, joto hili limetoka nje. Kivulini, vueni nguo, mwagieni maji, mpepeeni, na mmoja awe anaita gari la wagonjwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Na kwa kuwa limetajwa gari: ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kushusha kioo kidogo hakusaidii. Wengi wanaosahau watoto garini si wazembe. Ni siku ambayo ratiba ilibadilika, aliyezoea kumpeleka mtoto hakuwepo, mtoto kalala nyuma kimya. Likizo zinajaa siku za namna hiyo. Wekeni kiti cha nyuma kitu ambacho hamwezi kuondoka bila nacho, simu au kiatu cha kushoto. Gari lililoegeshwa nyumbani lifungwe na ufunguo utundikwe juu, maana wapo wanaoingia wenyewe kucheza wakashindwa kutoka. Mtoto akikosekana, tazameni kwanza majini, halafu garini na kwenye buti, ndipo muanze kuuliza majirani.